Kitalu Bila Sashe: Neno kwa Vijana wa Masisi na Walikale



Kila majira ya kupanda yanapokaribia, katika vilima vya Masisi na katika mabonde ya Walikale husikika habari njema. Kikundi fulani kimeanzisha kitalu. Parokia fulani itapanda miti kuzunguka kanisa. Akina mama wa shirika fulani watagawa miche ya kabeji na nyanya kwa familia zilizorudi nyumbani. Habari hizo tunazipokea kwa furaha na tunamshukuru Mungu. Lakini pamoja nazo huja mzigo mwingine ambao hakuna anayeutangaza baada ya Misa: mafurushi ya vifuko vyeusi vya plastiki, vile ambavyo watu wengi huviita sashe. Miche elfu moja hudai sashe elfu moja. Siku ya kupanda miche huhesabiwa na kupigwa picha. Sashe hazihesabiwi wala hazipigwi picha. Huchanwa kwa kisu, hutupwa kando ya shimo, na mvua ya jioni huzishusha mtoni.

Neno letu leo ni moja, nasi tunalisema bila kuzunguka: kitalu cha vijana Wakatoliki hakihitaji sashe, basi kisiwe nazo. Tunajua kwamba wapo watakaotuona tunashughulika na jambo dogo katika nchi yenye mambo makubwa. Tunawaomba watusikilize kwanza, kisha watuhukumu.

Plastiki hii ya vifuko inaitwa polietilini. Iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1933. Mababu zetu, Wahunde, Wanyanga, Watembo na majirani zao wote, walikuwa wamekwisha kulima na kupanda vizazi vingi kabla ya mwaka huo, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mbegu imekataa kuota kwa kukosa plastiki. Mbegu inahitaji udongo, maji, hewa, joto na mkono wa mtu mwenye subira. Kwa hiyo anayetuambia kwamba bila sashe hakuna kitalu anatuambia jambo ambalo historia ya mashamba yetu wenyewe inalikanusha.

Tutazame sasa sashe inafanya nini ikishatupwa. Haiozi kama jani. Jua huichakaza, nayo hupasuka vipande, na vipande hupasuka vipande vidogo zaidi, mpaka jicho halivioni tena. Lakini kutoonekana si kutokuwapo. Hubaki katika udongo uleule tunaoutarajia utulishe. Masisi ni nchi ya ng'ombe, na kila mchungaji anajua kwamba ng'ombe hachagui sana anachokimeza pamoja na majani. Plastiki ikiingia tumboni mwake haimeng'enywi. Hujikusanya, huziba, na mnyama hudhoofika huku mwenyewe akitafuta dawa ya ugonjwa asiouelewa. Maziwa na chizi, ambavyo vimeijulisha Masisi mpaka Kinshasa, vinaanzia katika malisho safi.

Tena vilima vyetu haviishii kwetu. Maji ya Osso yanaingia Lowa, na Lowa inavuka Walikale ikielekea Lualaba. Kinachotupwa mlimani kinasafiri mpaka kwa ndugu wasiotufahamu. Upande wa Sake maji yanashuka Ziwa Kivu, na mwisho wa ziwa hilo, kule Bukavu, mitambo ya umeme ya Ruzizi imezibwa mara nyingi na takataka za plastiki, hata mji ukapungukiwa na umeme. Hatusemi kwamba sashe za vitalu ndizo zilizouziba mtambo. Tunasema kwamba mtambo uliziba kwa sababu kila mtu alisema kuwa kifuko chake ni kimoja tu.

Serikali ya nchi yetu ililiona jambo hili. Dekreti nambari 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifuko vya plastiki. Majirani zetu wa Rwanda walikwisha kutunga sheria yao mwaka 2008, na wavukao mpaka pale Goma wanajua kwamba mfuko wa plastiki huachwa mpakani. Kwetu sheria iliandikwa, na masoko yakaendelea kama jana. Hapa hatutaki kubishana kama herufi ya dekreti inakigusa kifuko cha kitalu. Roho yake inakigusa. Mkristo hangoji polisi aje kumwonyesha lililo jema.

Kwa maana kabla ya sheria ya nchi, tunayo amri iliyo ya kale kuliko zote. Kitabu cha Mwanzo kinafundisha kwamba binadamu aliwekwa bustanini kwa kazi mbili: kulima na kulinda. Hakupewa moja ili aiache nyingine. Anayelima huku akichafua ametii nusu ya amri, na nusu ya utii si utii. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Wala hakuishia katika maneno makubwa. Katika aya ya 211 anataja matendo madogo ya kila siku, na miongoni mwake anataja kuepuka kutumia plastiki. Papa hakuona aibu kuandika jambo dogo kama hilo katika waraka kwa ulimwengu mzima. Kwa nini sisi tuone aibu kulizungumzia katika mkutano wa vijana?

Na Bwana wetu, alipotaka kueleza siri ya Msalaba, alichukua mfano wa mbegu inayoanguka udongoni na kufa ili izae. Kila tunachokiweka ardhini pamoja na mbegu hiyo kinapaswa kukubali njia hiyohiyo: kuoza na kulisha. Plastiki haikubali. Haifi wala haizai.

Hapa tunamkumbuka kijana mmoja wa Goma. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mlei wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alifanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Aliletewa fedha ili aachie chakula kilichoharibika kipite na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Aliuawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26, na Kanisa likamtangaza Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Hatulinganishi sashe na damu ya shahidi, tungekuwa tunakufuru. Tunachukua kwake swali moja tu, swali alilojiuliza mbele ya kila shehena: kitu hiki kikipita mikononi mwangu, nani atakayeumia? Kijana aliyekabidhiwa furushi la sashe anaweza kujiuliza swali hilohilo.

Sasa tuwajibu wanaotupinga, kwa maana hoja zao si za kijinga.

Wa kwanza wanasema: sashe ni rahisi, nyepesi, zinatunza unyevu, na mche husafiri vizuri juu ya pikipiki. Ni kweli. Lakini urahisi huo una bei isiyoandikwa kwenye risiti. Mche unaokaa muda mrefu ndani ya plastiki nyororo mizizi yake hufika ukingoni, hukosa njia, na kuanza kujizungusha kama kamba ndani ya ndoo. Ukipandwa hivyo, mti huonekana mzima mwaka wa kwanza, kisha upepo wa mlimani huulaza kwa sababu mizizi haikujifunza kwenda mbali. Tena siku ya kupanda, watu wakiwa wamechoka na mvua inakaribia, wapo wanaofukia mche pamoja na sashe yake. Huo si upandaji, ni maziko.

Wa pili wanasema: sashe ni za bure, huletwa na mradi. Ndugu zetu, hakuna cha bure kinachotufanya tusahau tunachokijua. Kitalu kinachongoja sashe kutoka Goma kinangoja gari, na gari linangoja barabara, na nyinyi nyote mnaijua barabara yetu. Mradi ukiisha, sashe zinaisha. Sashe zikiisha, vijana hukaa wakisema hawana vifaa, ilhali wameketi chini ya mgomba, karibu na mianzi, juu ya udongo mweusi. Uchafu wa plastiki unatuudhi, lakini fikra hii ya kuwa mikono mitupu mpaka mwingine atuletee inatuudhi zaidi. Huo ndio umaskini tunaoukataa kwa nguvu zote.

Wa tatu, nao ndio wenye uzito zaidi, wanasema: mnatuhubiria kuhusu sashe wakati watu wanakimbia risasi? Mapema mwaka 2025 vita vilifika Masisi-katikati, na mwezi Machi vikafika Walikale-katikati. Kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi kwenye mashamba yaliyomezwa na magugu na nyumba zisizo na paa. Tunaheshimu machozi hayo, na hatutayatumia kama pambo la makala. Lakini ni kwa ajili ya familia hizo hasa tunaandika. Mama aliyerudi bila kitu anahitaji mboga ndani ya wiki chache, si ndani ya mwaka. Tukimfundisha kwamba miche huanzia katika kifuko cha kununua, tumemfungia mlango. Tukimfundisha kuotesha katika tuta dogo nyuma ya nyumba, katika kipande cha mwanzi au katika kopo la mafuta aliloachiwa, tumempa kitu ambacho hata akikimbia tena atakimbia nacho, kwa sababu kinakaa kichwani. Vita ndivyo vinavyotufunza kutotegemea kisichokuwepo.

Basi tufanye nini? Kukataa bila kuonyesha njia ni kelele tu. Hizi hapa njia tano, zote za kwetu.

Ya kwanza ni tuta la kitalu lenyewe. Kabeji, nyanya, vitunguu na biringanya havihitaji chombo chochote. Lima tuta lenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo. Changanya udongo laini na samadi iliyooza vizuri. Panda kwa mistari, funika kwa nyasi mpaka mbegu zichomoze, kisha jenga kichanja cha majani juu yake kuzuia jua kali na mvua ya mawe. Baada ya wiki nne hadi sita miche iko tayari, ila ya vitunguu huchelewa zaidi. Lowesha tuta kabla ya kung'oa, hamisha jioni au siku ya mawingu. Ni kazi ya jembe, nyasi na maji, na hakuna takataka inayobaki.

Ya pili ni mwanzi. Kata mwanzi uliokomaa, chukua pingili moja moja, pasua kila pingili kwa urefu vipande viwili, kisha viunganishe na kuvifunga kwa kamba ya mgomba. Jaza udongo, otesha. Siku ya kupanda fungua kamba. Vipande viwili vinaachana, na udongo unatoka mzima pamoja na mizizi. Osha, kausha kivulini, weka kwa msimu ujao. Hebu tuhesabu: kikundi cha vijana 30, kila mmoja akitengeneza vikombe 10, kina vikombe 300. Vikitumika misimu minne tu, vimelea miche 1,200 bila sashe hata moja. Ila mianzi ikatwe kwa akili: machipukizi yaachwe, na hakuna anayeruhusiwa kuingia katika mbuga ya Kahuzi-Biega au ya Maiko kwa jina la kulinda mazingira.

Ya tatu ni maganda makavu ya shina la mgomba. Yanakunjwa kuwa mrija, yanafungwa, yanajazwa udongo, na mche hupandwa pamoja nayo kwa kuwa yataoza na kuwa mbolea. Huko Walikale yanafaa pia yale majani mapana ya msituni ambayo mama zetu huyatumia kufungia chikwange. Hapa tunatoa onyo. Mnyauko wa migomba umekuwa ukiangamiza mashamba ya Masisi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Basi msichukue maganda katika shamba lenye ugonjwa, na kisu kipitishwe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Tena maganda hayadumu muda mrefu. Kwa kahawa au parachichi, ambazo hukaa kitaluni miezi mingi, tumieni mwanzi au kopo.

Ya nne ni tofali la udongo. Kijana anayejua kufyatua matofali ya nyumba tayari anaijua kazi hii. Tengeneza kalibu ndogo ya mbao, changanya udongo wa bustani, samadi na udongo wa mfinyanzi kidogo, shindilia, fyatua, toboa tundu juu na uweke mbegu. Mizizi ikifika ukingoni hukutana na hewa, husimama na kutoa matawi mapya badala ya kujizungusha. Kinachobaki mkononi ni kalibu, nayo hutumika miaka.

Ya tano ni masanduku na makopo. Mabaki ya mbao za mkaratusi yanatosha kuunda sanduku lenye kina cha sentimita kumi, lenye matundu chini, la kuoteshea mamia ya mbegu. Kopo la bati likikatwa chini na juu huwa mrija unaotumika tena na tena.

Haya si maarifa ya kuagiza ng'ambo. Wangari Maathai wa Kenya, binti aliyesomeshwa na masista Wakatoliki na aliyekuwa katika Lejio Maria alipokuwa mwanafunzi, alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 pamoja na akina mama wa vijijini. Akina mama hao waliotesha miche katika vyombo vikuukuu walivyokuwa navyo nyumbani. Mwaka 2004 dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani. Angalieni neno hilo: ya Amani. Walioitoa walielewa kwamba watu wanaotunza ardhi yao kwa mikono yao wenyewe wamekwisha kupunguza sababu moja ya kupigana.

Na walio tayari na sashe katika ghala la parokia? Wasizichome, kwa maana moshi wake ni sumu kwa mapafu ya watoto. Wasizitupe. Wazitumie kwa uangalifu, wauteleze mche nje bila kuchana, waoshe, wahesabu zilizorudi kama walivyohesabu zilizotoka, na wasiagize nyingine. Kilicho mkononi kitumike hadi mwisho wake. Mlango wa kipya ufungwe.

Tunawaomba mapadri na viongozi wa mashirika jambo moja: mradi wa kupanda miti ukija, waulizeni wenye mradi, kwa adabu na bila woga, kwamba miche itaoteshwa katika nini, na mabaki yataenda wapi. Tena waulizeni, mwaka mmoja baadaye, ni miti mingapi iliyo hai, si sashe ngapi zilizojazwa. Mfadhili mwema hataudhika kwa swali hilo. Anayeudhika ametufundisha alichokuwa akikitafuta.

Nanyi vijana wa Xaveri, wa Kiro, wa Skauti, wa kwaya na wa Lejio, msingoje barua kutoka juu. Msimu wa kwanza wa kilimo unafunguliwa Septemba, mwezi uleule ambao Kanisa linaadhimisha Majira ya Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba. Mbegu za kitalu ziingie udongoni mwezi Agosti. Kila kikundi kiwe na tuta moja na vikombe vya mwanzi mia moja. Miche ya kwanza ipelekwe kwa wajane, kwa wagonjwa na kwa familia zilizorudi. Siku ya matoleo, pamoja na ndizi na maharage, leteni altareni mche mmoja katika mwanzi wake, ili taifa la Mungu lione kwamba inawezekana.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, sashe za miaka iliyopita ziko wapi leo? Twendeni tukazitafute kabla ya kujibu.

2. Ni vifaa gani kati ya vilivyotajwa vinapatikana kwetu bila kununua, na nani kati ya wazee wetu anayejua kuvitumia?

3. Ni familia zipi katika shirika letu zitakazopokea miche ya kwanza, na nani atakayerudi kuitembelea baada ya mwezi mmoja?

4. Mwenye Heri Floribert alikataa kitu kipite mikononi mwake. Sisi, katika kazi yetu ya wiki hii, tunapitisha nini ambacho kingepaswa kukataliwa?